Talaka yako ni ya tarehe ngapi? Maswali yenu kuhusu kuoa na kuolewa tena mapema

Barua za safari hii zimefanana. Ndoa imevunjika juzi, mchumba mpya yupo, wengine wameshataja hadi siku ya kufunga, na kila mmoja anauliza kama amewahi mno. Mtaona karibu kila jibu linarudi kwenye tarehe. Ndoa ya pili inaweza kuwa na mahari, mashahidi na baraka za wazazi, kisha ikaanguka kwa sababu mtu alianza kuhesabu kutoka siku isiyo yake.

SWALI: Assalaam alaykum. Mume wangu aliniacha kwa talaka moja, sasa ni miezi miwili na nusu. Kabla ya hapo tulitengana vyumba zaidi ya mwaka. Kuna mtu ameniposa na wazazi wamemkubali. Ndugu wengine wanasema mwaka ule wa kutengana unatosha, wengine wanasema lazima miezi mitatu itimie. Nishike lipi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Usishike hata moja. Mwaka wa kutengana vyumba hauhesabiwi kabisa. Eda, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuolewa tena, huanza pale talaka inapotamkwa au kuandikwa, hata kama hamkuonana miaka mitatu kabla yake. Watu hudhani eda ni kuangalia mimba tu, kwa hiyo wakijua hapakuwa na tendo la ndoa huona imeshapita. Lakini ndani ya eda yako mume ana haki ya kukurejea, nawe una haki ya nyumba na matunzo. Haki hizo haziwezi kuanza kabla ya talaka yenyewe.

Miezi mitatu nayo si kipimo chako ikiwa unapata hedhi. Aya ya 4 ya Surat At-Talaq imeitaja miezi mitatu kwa waliokatikiwa na hedhi na wasioipata. Mwenye hedhi amewekewa quruu tatu katika Suratul Baqara, aya ya 228. Madhehebu ya Shafii na Maliki wameifasiri quruu kuwa tohara, yaani kipindi cha usafi kati ya hedhi na hedhi. Hanafi na Hanbali wamesema ni hedhi yenyewe. Tofauti hiyo hubadilisha siku, kwa hiyo chukua kalenda tuhesabu pamoja.

Tuseme talaka ilitoka tarehe 5 Machi ukiwa tohara. Kwa Shafii, tohara uliyokuwamo inahesabiwa ya kwanza, hata kama ilibaki saa moja. Hedhi ikaja tarehe 12 Machi, ukatoharika tarehe 18: tohara ya pili imeanza. Hedhi tena tarehe 9 Aprili, ukatoharika tarehe 15: hiyo ndiyo ya tatu. Damu ikionekana tarehe 7 Mei, tohara ya tatu imekwisha na eda imekwisha nayo. Ni siku 63. Wanaohesabu hedhi watakuambia usubiri hedhi hiyo ya tatu imalizike, tuseme tarehe 13 Mei, siku 69.

Sasa sogeza talaka hiyo siku chache tu, iwe tarehe 14 Machi, ukiwa ndani ya hedhi. Hedhi hiyo haihesabiwi popote. Kwa Shafii tohara ya kwanza inaanza tarehe 18 Machi, na eda inafika damu ya Juni, kama tarehe 4. Siku 9 za mbele kwenye talaka zimeusogeza mwisho wa eda mbele karibu mwezi mzima. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe. Na mwenye mzunguko mfupi sana anaweza kumaliza mapema kuliko watu wanavyodhani: vitabu vya Shafii vimetaja siku 32 na lahadha mbili, yaani nukta mbili za muda, kuwa ndiyo eda fupi kabisa inayowezekana kwa aliyeachwa akiwa tohara. Mwanamke akisema amemaliza, na muda unakubali, kauli yake ndiyo inayochukuliwa. Ni amana kubwa, dada.

Kwa hiyo miezi yako miwili na nusu huenda imetosha, huenda haijatosha. Andika kwenye karatasi tarehe ya talaka, ulikuwa katika hali gani siku hiyo, na tarehe ya kila hedhi tangu hapo. Mpelekee kadhi au sheikh atakayefungisha ndoa, naye ahesabu kwa madhehebu moja toka mwanzo hadi mwisho. Kuanza na Hanafi kisha kumalizia na Shafii kwa sababu tarehe ya ukumbi imekaribia ni kuidanganya nafsi.

Hilo la posa linatutia wasiwasi zaidi. Katika eda ya talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado ana haki ya kukurejea, wewe bado ni mke wa mtu. Haifai kuposwa waziwazi, wala kwa fumbo. Ruhusa ya kudokeza iliyo katika aya ya 235 ya Baqara inahusu aliyefiwa. Kama posa ilipokelewa ndani ya eda, wazee wasimamishe maneno, na mhusika aje upya hesabu ikishatimia. Ndoa yenyewe ikifungwa ndani ya eda ni batili: mtatenganishwa, utamalizia eda ya kwanza, na kwa madhehebu ya Maliki, mkishaingiliana humo mnaharamikiana milele. Wiki mbili za subira ni nafuu kuliko hayo.

SWALI: Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Sijaona damu ya maana tangu mwaka jana, matone tu. Nimeachika mwezi uliopita. Nahesabu nini?

JIBU: Swali hili liwafikie wengi, maana sindano hii imeenea na wachache hukumbuka kulitaja jambo hili siku ya kuchomwa. Sindano ya miezi mitatu hukata hedhi kwa wanawake wengi wanaoitumia kwa muda mrefu. Hilo halikugeuzi kuwa mwanamke aliyekoma hedhi, kwa hiyo usikimbilie miezi mitatu. Mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, walilijadili zamani kwa mfano wa mama anayenyonyesha: sababu ya kukatika kwa damu inajulikana na itaondoka, basi anaisubiri damu irudi, ndipo ahesabu. Kauli ya mwaka mmoja, yaani miezi 9 ya kuhakikisha hakuna mimba na 3 ya eda, asili yake ni hukumu ya Sayyidna Umar kwa mwanamke aliyekatikiwa na damu bila kujua sababu. Yako inajulikana, kwa hiyo usijipe hukumu hiyo mwenyewe.

Matone nayo yana kipimo chake. Kwa Shafii hedhi haipungui usiku na mchana, yaani jumla ya saa 24 za kutoka damu, wala haizidi siku 15. Tone la asubuhi na jingine baada ya siku nne si hedhi.

La kufanya: kadi ya kliniki ina tarehe ya kila sindano, itafute. Ikiwa una nia ya kuolewa tena, usichome inayofuata kabla hujazungumza na muuguzi, kwa sababu kila sindano inaisogeza mbele siku ya kurudi damu. Hata baada ya ile ya mwisho kuisha nguvu, damu huweza kuchukua miezi mingi, wengine hadi mwaka. Kisha nenda kwa kadhi na kadi hiyo mkononi umweleze yote. Kipimo cha mimba kikisema huna mimba kinakupa utulivu, ila hakichukui nafasi ya eda.

SWALI: Mimi ni mwanamume. Nimemwacha mke wangu talaka moja wiki iliyopita. Naambiwa mwanamume hana eda, hivyo naweza kuoa hata kesho. Ni kweli?

JIBU: Kwa dini, ni kweli kwa hali nyingi. Kuna mahali pawili utasubiri eda yake iishe: ukiwa na wake wanne na uliyemwacha ni mmoja wao, au ukitaka kumwoa dada yake, shangazi yake au mama yake mdogo au mkubwa. Katika talaka rejea yeye bado yumo katika hesabu ya wake zako.

Lakini soma na aya ya 1 ya Surat At-Talaq. Usimtoe nyumbani. Matunzo yake ni juu yako mpaka eda iishe, na mmoja wenu akifa ndani yake mwingine anarithi. Mke mpya akiingizwa kwenye nyumba ambayo wa kwanza anakaa eda, umemdhulumu mmoja na kumwaibisha mwingine. Tafuta nyumba kwanza.

SWALI: Nimeachwa talaka tatu na mume wangu anajuta. Kuna jamaa wa familia amejitolea anioe wiki moja aniache, ili nirudi kwangu. Watoto wanateseka. Inafaa?

JIBU: Haifai, mama, na tunakuomba usikubali, hata kama wanaokushauri ni watu wazima unaowaheshimu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani anayehalalisha, yaani anayeoa ili tu mke arudi kwa mume aliyemwacha tatu, na anayehalalishiwa, yaani mume huyo. Ndoa iliyofungwa kwa sharti la kuachwa ni batili kwa wanazuoni wengi, na ndoa batili haikuhalalishii chochote: utatoka kwa huyo jamaa na bado utakuwa haramu kwa baba watoto.

Hata hesabu yake haikubali. Kabla ya kuolewa na yeyote unamaliza eda ya mume wa kwanza. Ukiolewa ndoa ya kweli na ikavunjika baada ya kuingiliana, unakaa eda nyingine nzima. Hakuna wiki moja humo. Kitu cha kuhakikisha kwa haraka ni kama hizo kweli ni tatu. Tatu zilizotamkwa kwa mkupuo mmoja, kwa hasira, kwa ujumbe wa simu: hayo yana mjadala, na kadhi anahitaji kusikia maneno yenyewe, neno kwa neno, kutoka kwenu wote wawili. Usiufute ujumbe huo.

SWALI: Hakimu amesoma hukumu ya talaka wiki mbili zilizopita. Mimi na mchumba wangu tunataka kuandikisha ndoa mwisho wa mwezi. Nakala ya hukumu ninayo. Inatosha?

JIBU: Huenda haitoshi. Hukumu kusomwa na talaka kukamilika ni mambo mawili, na umbali kati yake hutofautiana nchi na nchi. Uingereza na Wales mahakama hutoa kwanza amri ya masharti. Aliyeomba talaka husubiri wiki 6 na siku 1 ndipo aombe amri ya mwisho, na mpaka itoke yeye ni mke au mume wa mtu. Texas, Marekani, huwezi kufunga ndoa na mtu mwingine kabla ya siku ya 31 tangu hukumu, isipokuwa mahakama ikuondolee sharti hilo. Wisconsin ni miezi 6, na sheria yake imesema popote duniani, hivyo kuvuka mpaka hakusaidii.

Kwingine vizuizi vimefutwa. Ufaransa ilikuwa ikimzuia mwanamke kwa siku 300, ikaviondoa kwa sheria ya mwaka 2004. Japani ilimzuia siku 100 hadi tarehe 1 Aprili 2024. Zote zilitokana na swali moja: mtoto akizaliwa mapema katika ndoa mpya, baba yake ni nani? Kipimo cha vinasaba sasa kinalijibu.

Kabla ya kulipia ukumbi, rudi masjala ya mahakama uulize mambo haya. Talaka imekamilika tarehe gani? Muda wa kukata rufaa umepita, na je, mwenzako amekata? Kuna hati ya talaka tofauti na hukumu? Omba nakala iliyogongwa muhuri, si fotokopi ya wakili. Linganisha jina lako humo na lile la kitambulisho, herufi kwa herufi, maana herufi moja tu inaweza kukurudisha masjala kuomba masahihisho siku msajili anapokusubiri. Ikiwa talaka ni ya nchi nyingine, uliza kama inahitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Na wale mliofunga ndoa serikalini kisha mkaachana kwa karatasi ya sheikh peke yake: katika nchi nyingi ndoa ya serikali bado iko hai. Kuandikisha nyingine juu yake kunaweza kuwa kosa la jinai, na ndoa mpya huwa si ndoa.

SWALI: Sisi ni Wakatoliki. Nimepata talaka ya mahakama. Paroko amekataa kututangaza. Anatuonea?

JIBU: Hakuoneeni. Kwa Kanisa Katoliki talaka ya serikali haivunji kifungo cha ndoa. Kanuni ya 1085 ya Sheria za Kanisa inakataza kufunga ndoa nyingine kabla ubatili wa ile ya kwanza haujathibitishwa kihalali. Na huwezi kuificha: ndoa huandikwa pembeni mwa jina lako katika kitabu cha ubatizo, ndiyo sababu paroko huomba cheti kipya cha ubatizo, kwa kawaida kisichozidi miezi 6.

Njia yenu ni mahakama ya Kanisa ya jimbo. Mtahitaji cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo, hukumu ya talaka, maelezo ya maandishi ya jinsi mlivyokutana na kuoana, na mashahidi waliowajua wakati huo. Hapa wengi hukosea. Huandika kurasa kumi za ugomvi wa miaka ya mwisho, wakati mahakama inatafuta kilichokuwapo siku ya kiapo: je, kulikuwa na hiari, ukweli, uwezo na nia ya ndoa? Mashahidi wa kufaa ni waliokuwapo wakati wa uchumba. Mtetezi wa kifungo, ambaye ni ofisa wa mahakama hiyo, ataleta hoja za upande wa ndoa, na mwenzako wa zamani ataarifiwa. Hana nguvu ya kuzuia kwa kukataa tu kufika.

Tangu tarehe 8 Desemba 2015, kwa marekebisho ya Papa Fransisko, hukumu moja ya ubatili inatosha isipokatiwa rufaa. Zamani zilitakiwa mbili zinazokubaliana. Sheria inataka kesi ya ngazi ya kwanza isizidi mwaka mmoja, kwa hiyo msipange tarehe ya harusi kabla ya jibu. Kama ile ndoa ya kwanza ilifungwa serikalini tu, bila ruhusa ya Kanisa, mwambieni paroko mapema: njia yake ni ya nyaraka na huwa fupi zaidi.

SWALI: Talaka imetoka lakini nyumba na akiba hatujagawana. Mchumba wangu anasema tufunge ndoa, ya mali yatafuata. Nimsikilize?

JIBU: Msikilize kwa yote, ila hili hapana. Mfano wa Uingereza na Wales uwazindue: kwa sheria ya mwaka 1973, aliyeolewa au kuoa tena hawezi tena kuomba mahakama impe fungu katika mali ya mwenzi wa zamani kwa njia ya malipo au uhamisho wa mali. Akiwa alishawasilisha ombi lake kabla ya harusi, linaendelea. Tofauti ya siku moja inaweza kuwa nyumba nzima. Popote ulipo, muulize wakili swali hilohilo kwa maneno hayohayo: nikifunga ndoa leo, napoteza haki gani ambayo sijaidai?

Matunzo ya mke wa zamani nayo kwa kawaida hukoma akiolewa. Ya mtoto hayakomi. Baba wa kambo hamfuti baba.

Kisha pitia majina. Fomu ya pensheni na ya bima ya maisha humlipa aliyeandikwa, na talaka haibadilishi wino. Mkopo wa majina mawili unabaki wa wawili mpaka benki iandike kwamba imemwachilia mmoja. Makubaliano yenu ya mdomo benki haiyajui. Wosia wako wa zamani, kwa sheria za Uingereza na Wales, unafutika siku unapofunga ndoa mpya, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Mwenye watoto wa ndoa ya kwanza aandike mwingine wiki hiyohiyo.

SWALI: Nina watoto wa miaka 4, 9 na 13. Nitaolewa miezi mitano baada ya talaka. Nawaambiaje?

JIBU: Anza na baba yao. Asisikie kwa watoto, na watoto wasisikie kwa shangazi. Mpe taarifa fupi ya maandishi, siku mbili tatu kabla ya kuwaambia wao. Usiwaombe watoto wafiche chochote. Mtoto aliyebebeshwa siri huwa mgonjwa wa tumbo kila Jumapili ya kubadilishana nyumba.

Waambie wewe, bila mchumba kuwepo, siku ambayo hawaendi wala hawatoki kwa baba. Wa miaka 13 mtenge peke yake, atakuuliza mambo ambayo wadogo hawapaswi kusikia, na pengine atanyamaza kabisa. Usimlazimishe afurahi. Wa miaka 9 atataka ratiba: nitalala wapi, nani atanipeleka shule, baba atakuja lini. Mjibu kwa siku na saa. Shuleni nenda ukabadilishe orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua kabla mume mpya hajasimama getini. Suala la kumwita baba au jina lake waachie wao. Nidhamu ibaki mikononi mwako kwa miezi ya mwanzo. Mume mpya akianza kwa kukaripia, ukaribu unachelewa sana kuja.

Wa miaka 4 ndiye wa kumtazama kwa karibu. Ikiwa tangu mtengane analala kitandani kwako, mhamishe mapema, wiki 6 hadi 8 kabla ya harusi. Akitolewa kitandani usiku uleule anaoingia mwanamume mwingine, atajua nani kamtoa, na hatasahau upesi. Tandika godoro lake kando ya kitanda chako kwa wiki mbili. Lisogeze karibu na mlango kwa wiki nyingine. Kisha chumba cha ndugu zake, taa ndogo ikiwaka, na shuka lako moja ulilolalia juu ya godoro lake, usilifue kwanza.